Kusoma Uchakataji wa Picha na Uoni wa Kompyuta Chuo Kikuu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Fungua picha yoyote kwenye kompyuta yako, kisha iamuru programu ikuchapie namba za kona yake ya juu kushoto. Hutaona uso wala anga. Utaona kitu kama 112, 114, 113, na mstari wa pili 110, 115, 190. Somo zima linaanzia hapo: kuna jedwali la namba, na kazi yako ni kulifanya liseme jambo. Wanafunzi wengi niliowaona wakikwama hawakushindwa na hesabu. Walikwama kwa sababu walikaa miezi wakichakata picha ambazo hawakuwahi kuzifungua na kuzitazama kwa macho yao wenyewe. Ukiusoma mwongozo huu na kusahau yote, baki na hilo.

Kwanza tutenganishe majina mawili yanayochanganywa. Uchakataji wa picha huingiza picha na kutoa picha: umepokea iliyojaa kelele, unatoa iliyosafishwa. Uoni wa kompyuta huingiza picha na kutoa jibu: hapa kuna watu wangapi, gari liko umbali gani, hili ni jani lenye madoa au zima. Vyuo vingine huyafundisha kama kozi mbili, vingine huyabana kwenye muhula mmoja. Ukipewa nafasi ya kupanga, anza na uchakataji. Anayeruka kwenda moja kwa moja kwenye uoni hujikuta anatumia zana asizojua zinafanya nini, na siku zikiharibika hana pa kushika.

Usidanganywe pia na urahisi wa jambo lenyewe. Mtoto wa mwaka mmoja anamtambua mama yake, kwa hiyo kuona kunaonekana kazi ndogo. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake nchini Marekani waliingiza picha kwenye kompyuta kwa skana, picha ya mtoto wake mchanga, pikseli (yaani vinukta vinavyounda picha) 176 kwa 176. Miaka tisa tu baadaye, 1966, watu wa chuo cha MIT walipanga mradi wa majira ya joto wakitumai wanafunzi wangejenga sehemu kubwa ya mfumo wa kuona ndani ya likizo moja. Majira hayo ya joto bado hayajaisha.

Hatua ya 1: Panga hesabu zako, lakini si zote kwa pamoja

Aljebra ya mstari ndiyo utakayoitumia kila siku: kuzidisha matriksi, kinyume cha matriksi, vekta, na njia ya miraba midogo ya kutafuta mstari unaokaribiana zaidi na nukta nyingi. Picha yenyewe ni matriksi, kuizungusha ni kuzidisha kwa matriksi, kamera ni matriksi. Kwenye kalkulasi unahitaji hasa mambo mawili. La kwanza ni maana ya mteremko, kwa sababu ukingo wa kitu kwenye picha si kingine ila mahali ambapo namba zinabadilika ghafla. La pili ni kanuni ya mnyororo, ambayo ndiyo inayofundisha mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kutoka kwenye mifano. Uwezekano na takwimu utavihitaji kuielewa kelele, na baadaye kuyaelewa matokeo yako mwenyewe.

Usisubiri uzimalize zote. Anayejiambia kwamba atasoma aljebra yote kwanza ndipo aguse picha, mtihani humkuta bado yuko sura ya tatu. Soma mada inapohitajika, lakini isome hadi uweze kukokotoa mfano mdogo kwa kalamu.

Kuhusu lugha ya programu, Python pamoja na maktaba zake mbili, NumPy ya hesabu za matriksi na OpenCV ya picha, itakubeba mbali. Idara nyingine hutumia MATLAB, na kazi za viwandani zinazodai kasi hutumia C++. Usibishane na mhadhiri juu ya lugha. Mawazo ni yale yale, na kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine ni kazi ya wiki chache.

Hatua ya 2: Zijue namba kabla ya kuzichezea

Hii ni kazi ya wiki ya kwanza, na ndiyo inayorukwa na wengi. Picha ya kawaida ya kijivu ina namba moja kwa kila pikseli, kuanzia 0 ambayo ni nyeusi hadi 255 ambayo ni nyeupe, kwa sababu kila pikseli imepewa biti 8. Picha ya rangi ina namba tatu kwa kila pikseli: nyekundu, kijani na buluu. Chukua picha tano ulizopiga mwenyewe, uzifungue kwa programu fupi, kisha uingie kwa makusudi katika mitego ifuatayo. Afadhali uanguke ukiwa peke yako kuliko kuanguka mbele ya msimamizi.

Mtego wa kwanza ni anwani ya pikseli. Shuleni tulizoea kutaja x kisha y. Matriksi hutaja mstari kwanza, kisha safu. Kwa hiyo pikseli iliyo kwenye x = 50 na y = 20 unaiita kwa [20, 50]. Picha ikiwa mraba, programu haitalalamika hata kidogo, itakuletea pikseli nyingine tu na utaendelea kwa amani kwenye njia mbaya. Ndiyo maana majaribio yote yafanywe kwa picha ambayo upana na urefu wake havilingani.

Wa pili ni mpangilio wa rangi. OpenCV husoma buluu kwanza, kijani, kisha nyekundu. Maktaba nyingine nyingi huanza na nyekundu. Ukisoma kwa moja na kuonyesha kwa nyingine, watu wote wanatoka na ngozi ya buluu. Hilo ni kosa la heri kwa kuwa unaliona. Kosa la shari ni pale unapoupa picha hizo mtandao wa neva uliofundishwa kwa mpangilio mwingine: utafanya kazi, ila vibaya kidogo, na utatafuta sababu mwezi mzima.

Wa tatu ni kufurika. Namba ya biti 8 haiwezi kuzidi 255. Kwenye NumPy, 200 jumlisha 100 katika aina hiyo inatoa 44, kwa kuwa hesabu ikifika 256 inarudi sifuri na kuanza upya. Kitendo cha kujumlisha cha OpenCV kwa namba hizo hizo kinatoa 255, kwa sababu chenyewe hukomea ukutani. Zana mbili, majibu mawili, na hakuna hata moja linalosema 300. Zoea kuzigeuza picha kuwa namba za desimali kabla ya hesabu yoyote, na kuzirudisha baada ya kumaliza.

Kuna pia suala la kugeuza rangi kuwa kijivu. Wengi hugawa jumla kwa tatu. Kanuni inayotumika sana ni 0.299 ya nyekundu, 0.587 ya kijani na 0.114 ya buluu, kwa sababu jicho la binadamu huhisi mwanga wa kijani kuliko buluu. Jaribu njia zote mbili kwenye picha ya maua uone tofauti.

Na simu. Simu ikishikwa wima, mara nyingi huhifadhi picha ikiwa imelala na kuiambatanisha na kijimaelezo kinachosema izungushwe. Programu moja hukitii, nyingine haikijali. Ukiona nusu ya picha zako zimelala ubavu, usihangaike na algoridhimu. Tazama kijimaelezo hicho.

Hatua ya 3: Andika vichujio kwa mkono wako

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko pengine popote. OpenCV itakufifishia picha kwa mstari mmoja wa msimbo. Usiutumie bado. Andika vitanzi vyako mwenyewe: pita juu ya kila pikseli, ichukue pamoja na majirani zake wanane, zidisha kila moja kati ya hizo tisa kwa uzito wake, jumlisha, andika jibu kwenye picha mpya. Itakuwa polepole mno, na ni sawa. Ukishaandika mara moja, neno konvolusheni halitakutisha tena maishani.

Uulize mwenyewe maswali ambayo kitanzi kinakulazimisha uyajibu. Pikseli ya pembeni kabisa haina majirani wa upande mmoja: unajaza sifuri, unarudia ya mwisho, au unaakisi kama kioo? Ukijaza sifuri utaona fremu nyeusi ikizunguka picha yako. Kwa nini jibu liandikwe kwenye picha mpya na si juu ya ile ya zamani? Yafanye makosa hayo uone. Na kumbuka kwamba konvolusheni ya vitabu vya hisabati huipindua kerneli (lile jedwali dogo la uzito) kwanza, ilhali maktaba za mitandao ya neva kwa kawaida hazipindui ingawa zinatumia jina hilo hilo. Mtihani wa karatasi hupenda sana kuuliza hapo.

Kisha linganisha kichujio cha wastani na kichujio cha kati. Chukua pikseli tisa: 10, 12, 11, 13, 255, 12, 10, 11, 12. Hiyo 255 ni chembe ya kelele, kama punje ya chumvi iliyodondoka. Wastani wake ni takribani 38, yaani doa limepungua ukali lakini limewachafua majirani. Zipange kwa ukubwa na uchukue ya katikati: 12. Doa limetoweka kana kwamba halikuwahi kuwapo. Lakini kelele ikiwa ndogo na imetapakaa kila mahali, kama ile ya kamera gizani, kichujio cha kati hakina uchawi huo, na cha Gauss, kinachowapa majirani wa karibu uzito mkubwa kuliko wa mbali, huwa mwenza mzuri zaidi. Hakuna kichujio bora. Kuna kelele ya aina fulani na kichujio kinachoifaa, na huwezi kuijua aina ya kelele bila kuikuza picha na kuitazama.

Ukiwa kwenye Gauss, jifunze ujanja wake. Kerneli ya 15 kwa 15 inadai mara 225 za kuzidisha kwa kila pikseli. Lakini kwa kuwa ya Gauss inatenganishika, unaweza kufifisha kwa mlalo kisha kwa wima, na jumla inashuka hadi 30. Pima muda kwa saa, usiniamini mimi.

Halafu kingo. Kerneli ya Sobel, inayopima namba zinavyobadilika kutoka upande mmoja hadi mwingine, ikikutana na mpaka kati ya 10 na 200 inatoa 190 mara 4, yaani 760. Ikikutana na mpaka huo huo kutoka upande wa pili, inatoa hasi 760. Sasa rudi kwenye mtego wa kufurika: ukihifadhi jibu hilo kwa biti 8 kwenye OpenCV, hasi zote zinakuwa sifuri na nusu ya kingo zako zinapotea. Nimesahihisha ripoti nyingi zenye picha ya dirisha lenye kingo za kushoto bila za kulia, na maelezo marefu chini yake kuhusu mwanga wa jua. Haukuwa mwanga wa jua.

Baada ya Sobel, jenga njia ya John Canny ya mwaka 1986, hatua zake zote: kufifisha, kutafuta mteremko, kukondesha kingo, na kutumia vizingiti viwili, yaani namba za mpaka za kuamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Kisha njia ya Otsu ya mwaka 1979 ya kutenga kitu na usuli wake, ambayo inajaribu vizingiti vyote na kuchagua kile kinachoyatenganisha makundi mawili ya pikseli vizuri zaidi. Hizi mbili bado zinafanya kazi halisi kila siku.

Zoezi moja la mwisho hapa, na usilikose: zungusha picha kwa nyuzi 30. Karibu kila mtu huanza kwa kuchukua kila pikseli ya zamani na kuipeleka mahali pake papya, na karibu kila mtu hupata picha iliyojaa vitundu vyeusi kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Dawa ni kwenda kinyume: kwa kila pikseli ya picha mpya, uliza ilitoka wapi kwenye ya zamani. Utajikuta unaelekezwa mahali kati ya pikseli nne, na hapo ndipo utakapoelewa kwa nini kuna somo linaloitwa ukadiriaji wa kati.

Hatua ya 4: Usimkimbie Fourier

Sura hii ndiyo inayowapunguza wanafunzi darasani. Wazo lake ni jepesi kuliko alama zake: picha yoyote inaweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi, mengine mapana yanayobeba maumbo makubwa, mengine membamba yanayobeba kingo na nyuzinyuzi. Geuzo la Fourier hukuambia kila wimbi lina nguvu kiasi gani.

Ili uone faida yake, tengeneza picha yenye michirizi ya wima, safu moja nyeusi, moja nyeupe, hadi mwisho. Sasa ipunguze nusu kwa kuchukua kila safu ya pili. Umebaki na picha nyeusi tupu, au nyeupe tupu, kutegemea ulianzia wapi. Habari haikupungua tu, imegeuka uongo. Ndiyo maana picha hufifishwa kwanza kabla ya kupunguzwa, ili mawimbi membamba ambayo saizi mpya haiwezi kuyabeba yaondolewe mapema. Mashati ya mistari yanayometameta vibaya kwenye video yana ugonjwa huo huo.

Jamaa wa karibu wa Fourier, geuzo la kosaini, ndilo lililomo ndani ya JPEG. Picha inakatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na mawimbi membamba yanahifadhiwa kwa usahihi mdogo. Hifadhi picha kwa ubora wa chini kabisa, ikuze, na hivyo vimiraba utaviona.

Hatua ya 5: Jiometria ya kamera

Nitaipita haraka, si kwa kuwa ni rahisi, bali kwa kuwa inajifunzwa kwa kuchora. Kanuni mama ni moja: ukubwa kwenye picha ni urefu wa fokasi mara ukubwa halisi, gawa kwa umbali. Fokasi ikiwa pikseli 1000, mtu wa mita 1.7 aliyesimama mita 5 mbele anachukua pikseli 340; akirudi hadi mita 10 anachukua 170. Utaona mara moja tatizo lenyewe: pikseli 170 zinaweza pia kuwa mtoto mfupi aliye karibu. Picha moja imemeza umbali, na sehemu kubwa ya sura hii ni jitihada za kuurudisha, kwa kamera mbili, kwa mwendo, au kwa kujua kitu fulani mapema.

Chapisha ubao wa miraba myeusi na myeupe, upige picha kama ishirini kutoka pembe tofauti, na uipime kamera ya simu yako kwa njia ya Zhang iliyochapishwa mwaka 2000. Ubandike ubao huo kwenye kitu kigumu kilichonyooka. Karatasi iliyojikunja inaharibu vipimo vyote, na hakuna atakayekuambia.

Kwenye sura hii pia utakutana na RANSAC ya mwaka 1981. Isome kwa makini, kwani ni fikra utakayoibeba hata nje ya picha: chagua nukta chache kwa bahati nasibu, jenga dhana, hesabu ni nukta ngapi zinaiunga mkono, rudia, kisha baki na dhana yenye wafuasi wengi.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo mitandao ya neva

Mwaka 2012 mtandao ulioitwa AlexNet ulishinda ImageNet, shindano la kutambua vitu kwenye picha, kwa kosa la asilimia 15.3, huku aliyefuata akiwa na zaidi ya 26. Hapo ndipo uwanja ulipopinduka. Mwanafunzi wa leo hushawishika kwamba yaliyotangulia ni historia. Sivyo. Mtandao wa konvolusheni ni vichujio vile vile ulivyoviandika kwenye hatua ya 3, tofauti ni kwamba uzito wake haupangwi na mtu bali unajifunzwa kutoka kwenye mifano.

Hesabu hii ifanye mwenyewe. Tabaka la konvolusheni lenye vichujio 64 vya 3 kwa 3 juu ya picha ya rangi lina vigezo (namba za kujifunzwa) 1,792 pamoja na vya ziada kimoja kwa kila kichujio. Kama ungeunganisha kila pikseli ya picha ya 224 kwa 224 na nodi 64 moja kwa moja, ungehitaji zaidi ya milioni 9.6. Tofauti hiyo ndiyo sababu ya konvolusheni kuwepo, na mhadhiri akikuuliza kwa nini, umeshapata jibu lenye namba.

Anza na MNIST, tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, picha 60,000 za kufundishia na 10,000 za kupima, kila moja 28 kwa 28. Kisha nenda CIFAR-10, picha ndogo za rangi za makundi kumi ya vitu. Laptopu ya kawaida inatosha kwa la kwanza. Kwa yanayofuata tafuta kadi ya grafiki ya maabara au huduma za mtandaoni zinazokopesha muda bila malipo. Usinunue chochote mwaka wa kwanza.

Kila unapojenga mtandao mpya, kabla ya kuuachia usiku kucha, upe picha kumi tu na uone kama unaweza kuzikariri hadi kosa liwe karibu sifuri. Ukishindwa kukariri picha kumi, kuna hitilafu kwenye msimbo, na picha elfu kumi hazitakusaidia. Jaribio hilo la dakika tano limeniokolea usiku mwingi kuliko ushauri wowote niliopewa.

Ukiwa na data chache, na utakuwa nazo chache, usianze kutoka sifuri. Chukua mtandao uliokwisha kufundishwa kwa picha nyingi, badilisha tabaka la mwisho, ufundishe kwa picha zako. Na kabla ya hapo jaribu njia ya kijinga kabisa, kizingiti cha Otsu au wastani wa rangi, uandike matokeo yake. Mara kadhaa kijinga hushinda, na ni aibu kuligundua hilo siku ya kuwasilisha.

Hatua ya 7: Chunga data kuliko algoridhimu

Data igawe mafungu matatu: la kufundishia, la kurekebishia, na la kupimia. La kupimia lifungie kabatini. Ukilichungulia mara kumi ukirekebisha kila mara, limekuwa la kufundishia kwa mlango wa nyuma.

Mgawanyo wenyewe una hila. Tuseme una picha 2,000 za macho ya wagonjwa 200. Ukizichanganya kama karata na kugawa, picha ya jicho la kushoto la mtu mmoja itaangukia kwenye mafunzo na la kulia kwenye kipimo. Mtandao utamtambua mtu, utaonekana umetambua ugonjwa, na matokeo yatakuwa mazuri mno. Gawa kwa mtu, si kwa picha. Kwa video, gawa kwa video nzima, kwa kuwa fremu mbili zinazofuatana ni mapacha.

Usahihi pekee pia hudanganya. Katika picha 1,000 zenye wagonjwa 20, programu inayosema kila mtu ni mzima inapata asilimia 98. Toa daima jedwali la makosa: wagonjwa wangapi waliachwa, wazima wangapi walitishwa bure. Na uligawe kwa makundi ya watu pia. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kibiashara iliyokuwa ikikisia jinsia kutoka usoni. Kwenye mmoja wao, wanaume wenye ngozi nyeupe walikosewa kwa asilimia 0.3 huku wanawake wenye ngozi nyeusi wakikosewa kwa asilimia 34.7. Wastani wa jumla ulikuwa umelificha hilo vizuri.

Lebo nazo hufa kimyakimya. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilizihifadhi ramani za lebo, ambapo 0 ni usuli, 1 jani na 2 doa, kwa muundo wa JPEG. JPEG ikazibana kama inavyobana picha yoyote, na kwenye mipaka zikatokea namba ambazo sikuzipanga. Doa likageuka jani, jani likawa usuli. Wiki nzima nililaumu mtandao. Ramani za lebo zihifadhiwe kwa PNG, ambayo haibadilishi namba, na ukizibadilisha ukubwa tumia njia ya jirani wa karibu, inayonakili pikseli iliyo karibu zaidi, kwani wastani wa usuli na doa si jani.

Hatua ya 8: Makala za kitaalamu na mradi wa mwisho

Makala usiisome kama hadithi. Tazama picha zake kwanza, kisha jedwali la matokeo, kisha sehemu wanapokiri walipokwama. Hisabati iache kwa mzunguko wa pili, na tu kama umeamua kuijenga kazi yao. Makala moja uliyoijenga upya hadi ikatoa namba zinazokaribiana na zao ina thamani kuliko thelathini ulizozipigia mstari.

Mada ya mradi ifinye hadi iume. "Kutambua magonjwa ya mimea" si mradi, ni maisha ya watu kadhaa. "Kutenga majani yenye madoa na yasiyo na madoa, yaliyopigwa kwa simu juu ya karatasi nyeupe" unaweza kuumaliza, kuupima na kuutetea. Kabla ya kumpelekea msimamizi pendekezo, kusanya picha hamsini tu na uzifungue moja moja. Picha hizo hamsini zitakuambia kama mada ipo: kama wewe mwenyewe, kwa macho yako, unashindwa kutofautisha makundi mawili, fahamu kuwa mtihani wako ni mgumu kuliko ulivyodhani, au lebo ni mbovu.

Kwa mtihani wa karatasi, zoea kukokotoa kwa kalamu konvolusheni ya 3 kwa 3 juu ya jedwali la 5 kwa 5, kusawazisha histogramu (hesabu ya pikseli kwa kila kiwango cha mwanga) ya viwango vinane, na geuzo la Hough, njia ya kutafuta mistari, kwa nukta tatu zilizo kwenye mstari mmoja. Maswali ya maelezo hujibiwa na yeyote aliyefanya hatua ya 3 kwa uaminifu.

Unapokwenda kwenye kikao cha kila wiki na msimamizi, usiende na asilimia peke yake. Chapisha picha ishirini ambazo programu yako imezikosea, uzipange mezani, na uandike chini ya kila moja unachodhani kilitokea: ukungu, kivuli, lebo mbaya, kitu kimekatwa pembeni. Ukifika ya kumi na mbili utakuwa umeshajua wiki ijayo ufanye nini, na mara nyingi msimamizi atakuwa ameshika ya tatu, ameisogeza dirishani, akikuuliza hii nayo nani aliiwekea lebo.